Kavira Séphora, Aliyemrusha Mukaka Kasika hadi kwenye Nyota

Wachungaji wetu, wazee wa familia, majirani wa mtaa huu wa Beu, hapa Beni, nanyi mliopanda lori kutoka Butembo mkalala njiani kwa ajili ya matope, poleni sana kwa kilio, mimi ni Kambere Esdras, ndugu mdogo wa marehemu, fundi wa redio, familia imenichagua kusoma historia hii kwa sababu ninajua kuandika na kwa sababu, wanasema, simwogopi mtu, nami ninaomba mnisikilize hadi mwisho, maana mwishoni kuna neno ambalo baraza la familia halikulipitisha, na afadhali mlisikie kutoka kinywani mwangu kuliko kulisikia sokoni.

Marehemu Kavira Séphora alizaliwa Masereka, tarehe 4 Machi 1943, baba yake alikuwa Syauswa Ananie, mkulima wa viazi, mama yake alikuwa Godelive, msukaji wa mikeka, wote wawili walikwisha kututangulia, na kati ya watoto wao waliofika utu uzima tulikuwa watatu tu, dada yetu mkubwa Masika Rébecca aliyezaliwa mwaka 1940, kisha marehemu, kisha mimi, na ninyi mnaonong'onezana pale nyuma kwamba nimemwita marehemu mmoja tu, tulieni, tutafika huko.

Alisoma shule ya msingi ya misioni pale Masereka kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, akishuka mlima asubuhi na kuupanda jioni pamoja na baridi yake, na aliweza kusoma kwa sababu Rébecca hakusoma, Rébecca alibaki nyumbani kutubeba sisi wadogo mgongoni, kisha marehemu akapelekwa Katwa kujifunza ualimu, akamaliza mwezi wa sita mwaka 1960, siku zile watu wakicheza ngoma ya uhuru barabarani na yeye akiwa ndani anapiga pasi nguo yake ya kuanzia kazi.

Alifundisha darasa la kwanza kule Butembo tangu Septemba 1960 hadi Julai 1994, na nusu ya watu ninaowaona mbele yangu walijifunza kwake kuandika majina yao, mapasta, wauza sementi, wanasheria, hata wengine walioshika bunduki baadaye, na hakuna aliyepata alama ya bure kwake, mtoto wake mwenyewe Lévi alirudia mwaka, akalia, akarudia.

Tarehe 12 Agosti 1962 aliolewa na Sikuli Phinées, mwana wa hapa Beu, mchuuzi wa samaki wa chumvi na kahawa kati ya Beni na Butembo, mtu mpole aliyejua kunyamaza, waliishi pamoja bila makelele hadi tarehe 3 Februari 1991 Phinées alipofariki kwa ugonjwa wa ini, naye amelala pale ambapo tutampeleka mke wake leo, na Mungu aliwapa watoto wanne, wawili walirudi Kwake wakiwa wadogo, waliobaki ni Eliane aliyezaliwa 1964, anayekaa hapa Beni, na Lévi aliyezaliwa 1967, wote mnawaona, na wajukuu ni tisa.

Sasa ninafika kwenye kazi iliyowafanya wengi wenu mje, nami nitaieleza vizuri, kwa sababu nimesikia wageni wakiuliza mlangoni kama ni kweli huyu mama alikuwa anaongea na nyota, hapana, hakuongea na nyota, alisimulia redioni.

Mwezi wa Julai 1969, Phinées alikuwa na redio kubwa ya mawe, yaani ya betri, ndiyo redio ya kwanza niliyofungua na kuiharibu, tukasikia kwamba watu wamefika mwezini, sisi wanaume tukaruka, tukapiga makofi, marehemu akaendelea kuchambua maharagi, kisha akauliza, "Bamefika, na kisha?" Phinées akamjibu kwamba wamesimika bendera, wameokota mawe, sasa wanarudi, naye akasema, "Donc, hata hawakupanda maharagi? Njo vile inakuwa, ukituma batoto bila mama," na maneno hayo aliyatunza miaka thelathini.

Vita vya pili vilipotukuta, redio yetu pale Butembo ilimwita, mwezi wa kumi na moja mwaka 1998, ili asome komunike za asubuhi, matangazo ya vifo, ya watu waliopotea, ya mbuzi walioonekana, kwa sababu sauti yake watu walikuwa wanaiamini tangu utotoni, na alikuwa na sheria yake, komunike ya kifo hasomi kama hakuna jina la mtu aliyeuona mwili, alizirudisha nyingi, watu wakakasirika, mimi nilimwambia anajisumbua bure, lakini hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni pa redio akisema, mlinitangaza na mimi hai.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1999, komunike za vifo hazikuwepo hata moja, wala za waliopotea, jambo ambalo katika mwaka ule lilikuwa kama mvua ya kiangazi, saa ya kipindi ilikuwa haijaisha, Eliezer mkubwa wa redio alikuwa anatafuta kaseti ya kwaya na haipati, basi marehemu akasogea kwenye mikro akasema, "Leo hakuna aliyekufa, kwa hiyo nitawapa habari za mtu ambaye hatakufa upesi," na hapo ndipo alipozaliwa Mukaka Kasika, na kwetu Wanande mukaka ni nyanya, bibi kizee, mnajua.

Katika masimulizi hayo ilikuwa mwaka 2075, wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wamejenga chombo cha kwenda kwenye nyota, bila serikali kuwasaidia hata msumari, na shida yao ilikuwa moja, nani apande, kwa sababu safari ile ni ndefu na mwendo wake unadanganya saa, anayekwenda hazeeki sana, lakini akirudi atakuta watoto aliowaacha wananyonya wana mvi, kwa hiyo mwenye watoto wadogo hatumwi, mwenye mchumba hatumwi, anayetaka cheo hatumwi maana aliyempa cheo atakuwa mavumbi, wakatafuta mtu aliyekwisha kulea, aliyekwisha kuzika, aliyezoea kungoja, wakamkuta Mukaka Kasika, miaka sitini na saba, mjane, naye akakubali kwa masharti, apande na jembe, mbegu za maharagi, na mbuzi jike mwenye mimba.

Dakika kumi kila asubuhi, baada ya vifo, mji mzima ulinyamaza kumsikiliza Mukaka Kasika akilima ndani ya chombo, akimfukuza mbuzi kwenye vifungo vya mitambo, akipaka goti lake mafuta, akiuliza dunia maswali kwa redio, na hilo la redio nilimsaidia mimi, alitaka kujua sauti inachukua muda gani kufika mbali namna hiyo, nilikuwa nimesoma katika kitabu kisicho na jalada, nikamweleza, naye akalifanya tamu, kwamba Mukaka akiuliza jambo wakati wa kupanda, anajibiwa wakati wa kuvuna, na mara nyingi amekwisha kusahau aliuliza nini.

Hakukosa wapinzani, vijana walisema bibi kizee ana kazi gani kwenye nyota, akae jikoni, wakubwa wa bunduki wa wakati ule nao wakatuma neno kwamba watu wanahitaji mashujaa, basi Eliezer akamwita biro, ofisini kwake, mwezi wa Novemba mwaka 2000, Eliezer, uko pale, usiiname, wewe mwenyewe umesema niandike, nami nilikuwepo ninatengeneza amplifikateri, akamwambia, "Mama Séphora, bijana balalamika, kila siku mukaka, mukaka, tia kapitene moja kijana, mwenye nguvu, ye njo aongoze chombo, mukaka apike," marehemu akamtazama, akasema, "Eliezer, mutoto wangu, siku ya kwanza ya masomo ulilia mpaka ukajikojolea, nani alikushika mukono, kapitene?" na mimi nikaangusha bisibisi kwa kicheko, lakini Eliezer alisimama na neno lake, kapitene aingie au masimulizi yafe.

Akamtia kapitene, hakubishana, kijana mrefu, viatu vinang'aa, asubuhi ya kwanza akauliza chakula kiko wapi, Mukaka akampa jembe, asubuhi ya pili akatazama dirishani akaona giza lisilo na mwisho wala barabara, akaomba alale karibu na mbuzi, asubuhi ya tatu akahesabu umri ambao mchumba wake atakuwa nao akirudi, akalia, na Mukaka hakumcheka, alimfungia maharagi ya njiani, akamrudisha duniani kwa chombo kidogo, na wale wale vijana waliolalamika wakaja redioni wakicheka, wakisema, "Mwalimu, achia mukaka usukani, ule kapitene ni sisi kabisa."

Dada yetu Rébecca alikuwa anakaa upande wa Oicha, kando ya msitu, na shamba lake la kakao, hakuwa na redio, lakini tulipomtembelea alisimuliwa yote, akasema tu, "Huyo Kasika goti yake ni yangu, Séphora ameniiba," na mwezi wa Desemba mwaka 2002 vita viliposhuka kutoka upande wa Mambasa, watu wakakimbia, majirani walimwona Rébecca tarehe 21, akiwa kwenye kijito kidogo, amekaa juu ya jiwe na furushi lake, akawaambia, "Mutangulie, mi niko nakuja," na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, wala hai wala mwili.

Kwetu, mtu akipotea namna hiyo, familia hukata mgomba, huuvika nguo zake, huulilia na kuuzika, ndipo watu hunyoa nywele na kilio kinakwisha, basi wazee walikutana Butembo mwanzoni mwa Januari, wakasema mgomba ukatwe, mimi nilikuwa upande wa wazee, sifichi, niliona mtu hawezi kukaa na kidonda kilicho wazi, lakini marehemu alikataa, akauliza neno moja tu, lile la komunike, "Nani aliona?" wazee wakakasirika, nami nikapiga meza, naye akachukua kitambaa chake akaenda kazini.

Jumatatu tarehe 13 Januari 2003, akiisha kusoma vifo, bila wimbo katikati, kwa sauti ile ile, akasema kwamba Mukaka Kasika hajibu tena, chombo kilipita nyuma ya nyota kubwa na redio yake imenyamaza, mara ya mwisho alisikika akisema anakuja, mwenye habari zake azilete, na wengi waliofungua redio katikati walidhani ni komunike kama nyingine, mama mzee amepotea, jina lake Kasika, na hata waliojua ni masimulizi, sijui niseme nini, walijua na hawakutaka kujua.

Jumamosi iliyofuata uwanja wa nyumba yake ulijaa, walileta kuni, walileta maharagi, walileta mikeka, wengi walikuwa wakimbizi wa upande wa msitu walioacha mama zao njiani, maana katika kukimbia anayeachwa ni mzee, na baba mmoja aliweka chini mgomba uliofungwa kitenge, akasema, "Mwalimu, tumesikia, pole, sisi pia mukaka yetu hakuonekana, tuzike pamoja, kilio kiwe moja," na nyuma yake mama mwingine akaongeza, "Hata kama yako ni ya hadisi, haina neno, yetu ni ya kweli."

Nilimvuta marehemu pembeni nikamwambia wazi, "Yaya, dada yangu, Kasika ni mutu wa maneno tu, tia maneno ingine afe, batu balie, baende nyumbani," akanijibu, "Esdras, weye uko fundi, redio ikinyamaza unaizika?" nikamwambia, "Zingine, ndiyo," akacheka, tulicheka wote wawili mbele ya waombolezaji, jambo baya, kisha akaenda kwa watu akawaambia kwamba kulia watalia, kula watakula, kila mmoja ataje mukaka yake kwa jina na mahali alipomwona mara ya mwisho, lakini hakuna kuzika, wakafanya hivyo hadi jua likaenda, na mgomba ukabaki ukutani.

Jumatatu akatufungulia ndani ya chombo, Mukaka Kasika yuko hai, analima, ni redio yake tu inayosikia bila kutuma, anasikia dunia nzima ikibishana kama amekufa, anasikia wanavyomsifu na wanavyomsingizia, anajibu kwa hasira, hakuna anayemsikia isipokuwa sisi, na miezi mitatu marehemu alisimulia hayo tu, mwanamke mzee afanya nini pale ambapo hakuna anayejua kwamba yupo, anang'oa jino lake mwenyewe, mbuzi anazaa tena, anampa mtoto wa mbuzi jina la waziri, anaimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya na kuacha nafasi ya sauti ya kwanza, na watu mtaani walikuwa wakijibizana na redio, "Tunakusikia, mukaka!" mimi nimeyasikia hayo katika duka langu, kutoka kwa mtu mzima mwenye ndevu.

Mwezi wa Mei akaja hapa Beni, nyumbani kwa Eliane, ili amtafute Rébecca kati ya wakimbizi wa Beni na Oicha, alikwenda makanisani na mashuleni walikolala, akiuliza mama mmoja mmoja, na masimulizi aliyatuma Butembo kwa kaseti, kwa mkono wa madereva, nao hawakupoteza hata moja, lakini miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, tension, yaani presha ya damu, ilipanda, moyo ukachoka, tarehe 2 Juni tukamlaza hospitali, akapata nafuu, akarudi kwenye kuuliza, tarehe 14 akalazwa tena, na Jumanne tarehe 17 Juni 2003, saa nne za asubuhi, alifariki, Eliane amemshika mkono wa kuume na mimi wa kushoto, mwili tumeuona, nguo tumemvika wenyewe, neno lake la mwisho aliloweza kutamka vizuri lilikuwa kumkaripia Lévi kwa kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

Sasa neno nililowaambia mwanzoni.

Jana mchana wazee walikaa, wakasema aliyekuwa anazuia ameondoka, watu wamekusanyika, mapasta wapo, basi dada wawili wazikwe siku moja, kilio kiwe kimoja, mgomba umekatwa na uko nyuma ya jiko la Eliane, umevikwa kitenge cha Rébecca, na vijana wameanza shimo la pili kando ya lile la Séphora, nami nikaagizwa niandike historia mbili, nikakubali, nikakaa nikaandika.

Ya Séphora ndiyo hii mmeisikia, ya Rébecca nilianza pia, kuzaliwa, Masereka, 1940, nikaandika, kusoma, hakusoma, alitubeba, nikaandika, kazi, kakao na muhogo, ndoa, aliolewa na kuwa mjane mapema, watoto, hakupata, alitulea sisi, ugonjwa, goti la kushoto, yote nikaandika, nikafika kwenye kifo, tarehe, mahali, na hapo kalamu ilisimama, nikarudi kwa wazee nikawaambia, nipeni tarehe, nipeni mahali, nipeni jina la aliyeona, na baba mkubwa mmoja, simtaji, ananitazama, akasema, "Weye tia tu mwezi wa kumi na mbili, nani atakuuliza?"

Mimi ninauza redio zilizotengenezwa, baba mkubwa, na ile isiyolia ninamwambia mtu kwamba hailii, katika maisha yangu nimegombana na watu wengi lakini hakuna niliyemuuzia kisichokuwepo, sitasimama mbele ya kanisa kumsomea dada yangu kifo ambacho hakuna aliyekiona, karatasi yake ninayo mfukoni, imeishia kwenye goti, na itaishia hapo hadi mtu aje na habari, kwa hiyo leo tunazika mtu mmoja, na kama baraza litanitoza mbuzi kwa kuvunja neno lake, mbuzi ninaye.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania marehemu hata umeme ulipokosekana, majirani wa Beu kwa maji, sufuria na usingizi mliotutolea, walimu wenzake, madereva wa lori, Eliezer na wafanyakazi wote wa redio, nao wameniomba niseme kwamba kaseti ya mwisho itasikika kama kawaida baada ya komunike, Mukaka Kasika bado yuko njiani na hawatamtafutia kapitene, ninawashukuru pia vijana mliochimba, kazi nzuri, lile la pili lifukieni kabla hatujatoka hapa, na mgomba ule uvueni kitenge, kifuliwe, kikunjwe vizuri, mwenyewe atakihitaji, mgomba wapeni mbuzi.

Kavira Séphora, binti Syauswa, mwalimu wetu, kazi umeifanya, lala sasa kando ya mume wako, pumzika kwa amani.

Rébecca, wewe usipumzike bado, inuka kwenye jiwe, kuja nyumbani.